Unga wa Chini ya Ndoo

Fundi saa alikutwa amekufa saa nne asubuhi, ameketi kwenye kiti chake cha kazi, kifua kimelala mezani, lenzi ya kukagulia saa bado imebanwa kwenye jicho la kulia. Mbele yake palikuwa na saa ya mteja iliyofunguliwa mgongo. Skrubu zake zilipangwa juu ya kitambaa kwa ukubwa, kuanzia iliyo ndogo kama chembe ya mchanga. Alikuwa amerudisha moja tu.

Inspekta alisimama mlangoni na kutazama kabla ya kuingia. Miaka ishirini na sita ya kazi ilimfundisha kwamba maiti ya tajiri huulizwa maswali, na maiti ya fundi huandikwa haijapoa.

"Hakuna jeraha, afande," alisema koplo wake, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. "Hakuna kilichovunjwa. Niandike kifo cha kawaida?"

"Ngoja kwanza. Usimzike mtu kwa kalamu."

Alichuchumaa. Chini ya meza palikuwa na kopo la rangi lililofunikwa kwa kibao. Alifunua. Ndani mlikuwa na mkojo, lakini mkojo wa namna gani? Ulikuwa mweusi kwa wekundu, kama chai iliyosahauliwa jikoni tangu jana.

Mke wa fundi alikuwa kwenye kigoda pembeni ya mlango, mikono magotini. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa angoje.

"Mama, pole sana. Choo kiko hatua kumi tu kutoka hapa. Kwa nini alikuwa anatumia kopo?"

"Miguu, baba. Leo ni siku ya tano. Mapaja yanamuuma hata ukimgusa kwa shuka. Kiti hiki nilimwekea mimi, nikamshika kwapani. Alisema akikaa bure ataumwa zaidi."

"Hospitali mlikwenda?"

"Tulikwenda juzi. Wakasema uzee. Wakampa za maumivu."

Inspekta alikunja uso. Alikuwa karibu kuuliza tena alipoingia dada wa marehemu, mshona sare za shule, sindano tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni, kopo la plastiki lenye unga wa majani mkononi.

"Hili hapa. Msihangaike. Vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni, anamsimamia mpaka ameze. Nilimwambia kaka yangu, huyo mwanamke anakulisha nini? Akanicheka."

"Wifi, ni dawa ya lehemu, mafuta ya kwenye damu," alisema mjane taratibu. "Unajua ni dawa ya lehemu."

"Najua ulichokuwa unampa na najua alivyokufa. Zaidi ya hapo nijue nini?"

Mchana ule mjane aliwekwa mahabusu. Inspekta hakutaka. Mkuu wa kituo alitaka, kwa sababu ndugu wa marehemu walikuwa wamejaa nje ya kituo, na mkuu wa kituo aliogopa umati kuliko alivyoogopa kukosea.

*

Daktari wa maiti alinawa mikono mara mbili kabla ya kusema.

"Huyu mtu misuli yake imevunjikavunjika. Takataka zake zimeingia kwenye damu, figo zimejaribu kuzichuja, zimeziba. Ndiyo ule mkojo. Figo zikilala, chumvi za mwilini zinapanda, moyo unasimama. Ghafla, hata ukiwa unafunga skrubu."

"Sumu?"

"Ziko dawa za hospitali zinazoweza kufanya hivyo mtu akizidisha. Statini. Za kupunguza lehemu. Mtu mmoja katika maelfu hupata shida hii hata kwa kipimo sahihi. Ukizidisha, unajitafutia."

"Huyu hakuwa anameza dawa ya lehemu ya hospitali. Mkewe amesema. Alikuwa anakunywa unga wa majani."

"Majani hayafanyi hivi, Inspekta. Nenda kwa mkemia."

Mkemia wa serikali alikuwa na vielelezo vya miezi mitatu havijaguswa, na mashine mbili, moja mbovu. Inspekta alikaa kwenye benchi mlangoni pake siku mbili mfululizo, na kila mkemia alipotoka kwenda kula alimkuta pale pale. Siku ya tatu mkemia alipima, pengine ili apate kupumua.

Kwenye damu ya fundi: statini, mara nne ya kipimo cha kawaida. Kwenye unga wa kopo: majani makavu, magome, na statini.

*

"Anza mwanzo, mama," alisema Inspekta. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili, na dirisha lisilofunguka.

"Mwanzo ni karatasi. Mwaka jana walimpima, lehemu saba nukta nne. Daktari akaandika vidonge. Tukaenda dirisha la dawa hospitalini. Mtu wa dirishani akasema hakuna. Mwezi uliofuata, hakuna. Miezi minane, baba, mpaka nikawa nikifika ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo."

"Ndipo ukaenda kwa mganga?"

"Kwa Mama Miche. Wote wa mtaani wanakwenda. Baada ya miezi miwili tukapima, nne nukta sita. Nilitaka kulia. Mume wangu alikuwa anauita unga ule nyasi. Anakunywa, halafu ananilia kama mbuzi, meee, ili anichekeshe. Lakini alikunywa."

"Wewe uliuonja?"

"Kuonja? Nakunywa kila siku. Na mimi ninayo hiyo lehemu. Kopo lile lile. Yeye vijiko viwili kutwa mara mbili, mimi kijiko kimoja asubuhi."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Watu wawili, kopo moja. Mmoja yuko kaburini na mwingine hana hata maumivu ya kidole. Hata ukihesabu vijiko, tofauti ilikuwa kubwa mno.

"Mumeo alikuwa akimeza kitu kingine, mama."

"Hapana. Ningejua."

Alirudi nyumbani kwa fundi na koplo wake na hati ya upekuzi. Walipekua kabati, godoro, mifuko ya makoti. Hamna. Kisha Inspekta akatazama ukutani: saa kumi na moja, zote zinakwenda, isipokuwa moja yenye kisanduku cha mbao. Fundi gani huyo anayetundika saa iliyosimama mbele ya wateja? Alifungua kisanduku. Ndani, mahali pa pendulamu, kulikuwa na pakiti za vidonge vyeupe vya statini kutoka duka la dawa. Fundi alikuwa ameandika tarehe nyuma ya kila pakiti kwa mwandiko mdogo, mnyoofu. Kidonge kimoja kila siku, hajaruka hata siku moja, tangu mwezi ule ule mkewe alipoanza kuleta unga.

Kwa hiyo fundi aliamini vidonge, mkewe akaamini unga, naye fundi akamwacha mkewe na imani yake. Namba iliposhuka, walifurahi wote wawili, kila mtu kwa sababu yake.

Mkuu wa kituo alipoziona pakiti mezani alitabasamu.

"Umemaliza kazi. Vidonge vilikuwa nyumbani. Mwanamke kavisaga, kavitia kwenye unga. Kesho asubuhi anapanda kizimbani kwa mauaji."

"Afande, yeye mwenyewe alikuwa anakunywa unga huo."

"Anasema. Nani alimwona?"

"Na hivi ni vyeupe. Mkemia ameandika kwamba kwenye unga kuna vipande vya ganda la njano."

"Inspekta. Kesho saa tatu."

*

Duka la Mama Miche lilikuwa na baraza safi, na juu yake miche midogo ya dawa imepangwa kwa safu kwenye makopo meupe. Ndiko jina lake lilikotoka. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na aliwapokea Inspekta na koplo wake kwa heshima ya mtu asiyedaiwa chochote.

"Karibu, baba. Nimesikia msiba wa fundi. Saa yangu alinitengenezea yeye."

"Unga wako una nini?"

"Majani sita na magome mawili. Alinifundisha baba yangu, naye alifundishwa na mama yake. Hakuna aliyekufa."

"Kuna dawa ya hospitali ndani."

"Nani kasema?"

"Mkemia."

"Basi kaitia aliyempelekea huo unga. Mimi sina kiwanda hapa."

Alijibu bila kupepesa. Inspekta aliinuka kama mtu anayeaga, akainama barazani kuutazama mche mmoja.

"Mche mzuri. Chungu umekitoa wapi?"

"Kopo tu hilo, baba. Yako mengi duniani."

Aliliinua na kutazama chini. Kwenye plastiki, herufi zilizoinuka zisizofutika kwa sabuni wala kwa kucha: MALI YA UMMA. HAIUZWI. Aliinua la pili. La tatu. Koplo alianza kuhesabu toka upande wa pili. Makopo arobaini na saba ya dawa za hospitali, kila moja lilizaliwa na vidonge elfu.

Alikumbuka siku jengo jipya la hospitali lilipozinduliwa. Alikuwa konstebo, amesimama juani kwa saa tano kulinda utepe wa hariri. Mheshimiwa aliukata, akasema kuanzia leo hakuna mgonjwa atakayerudi nyumbani mkono mtupu. Watu walipiga makofi, na konstebo naye akapiga. Mwaka wa pili dirisha la dawa likawekewa nondo. Mwaka wa tano likawekewa kibao cha HAKUNA, kikapakwa rangi ya mafuta ili kisifutike. Hakuna anayepaka rangi ya mafuta kwenye jambo la muda.

"Mama," alisema, "kuna mwanamke yuko mahabusu. Kesho anashtakiwa kwa mauaji. Wewe unajua hakuua."

Mama Miche alivua miwani. Alikaa kwenye ngazi ya baraza lake, katikati ya miche.

"Ingia ndani," alisema. "Ndoo iko nyuma ya pazia, na makopo mengine."

*

Maelezo yake ya onyo yalichukua kurasa tisa. Alionywa kwamba halazimiki kusema, akasema amenyamaza vya kutosha.

"Zamani mtu alikuwa anakuja anasema, mama, nimepata nafuu, au sijapata. Basi. Siku hizi wanakuja na karatasi. Namba. Wa kwanza alikunywa majani ya baba yangu miezi mitatu, akarudi na karatasi, namba ile ile. Wa pili, ile ile. Wa tatu alinitupia kopo miguuni. Majani ya baba yangu yanatuliza tumbo, yanaleta usingizi. Lakini ile namba hayaigusi. Nilijaribu kila jani ninalolijua."

"Ukaanza kusaga vidonge."

"Nina mdogo wangu. Tumbo moja. Ndiye anayekaa dirishani."

Koplo aliinua uso. Inspekta hakuinua.

"Aliniletea kopo moja la vidonge vya njano. Nikasaga, nikachanganya. Karatasi zikaanza kushuka. Watu wakaniletea maua, baba. Mimi, maua. Ningewaambia nini?"

"Kweli."

"Kweli ni ipi? Kwamba wanakunywa kile walichonyimwa hatua mia mbili kutoka hapa?"

"Ulikuwa unapimaje?"

"Kopo moja kwa ndoo. Nachanganya kwa mwiko."

"Halafu ndoo inakaa?"

"Wiki mbili, tatu, mpaka iishe." Hapo sauti yake ilipungua. "Niliona karatasi za wanaochota mwishoni zinashuka zaidi kuliko za wanaochota mwanzoni. Sikujua kwa nini. Nilidhani dawa inaiva ikikaa."

Unga wa vidonge ni mzito, unga wa majani ni mwepesi. Ndoo ikisogezwa, ikifunuliwa, ikichotwa, kizito kinakwenda chini. Mtu yeyote wa dirisha la dawa angemweleza, lakini mtu wa dirisha la dawa alikuwa anashughulika na kusema hakuna.

"Ya chini nikawa nawawekea watu wangu," aliendelea. "Wateja wazuri. Mke wa fundi aliniletea watu wengi sana. Wiki mbili zilizopita akaniambia, mama, mume wangu kifua kinambana, nipe ya chini. Nikamkwangulia mwenyewe. Nikamkwangulia vizuri."

Mdogo wake alikamatwa kazini, ameketi nyuma ya nondo zake. Hakukimbia. Aliomba kwanza amalize kumjibu bibi aliyekuwa mbele yake, akamwambia hakuna, kisha akatoa mikono.

"Uliuza dawa za wagonjwa," alisema Inspekta.

"Niliuza."

"Kwa nini?"

"Unataka ya mahakamani au ya kweli?"

"Ya kweli."

"Nilikuwa naletewa dawa ya watu arobaini. Foleni ina mia sita. Hao arobaini hawakuwahi kupanga foleni hata siku moja, afande. Walikuwa wanapiga simu. Mke wa fulani, shemeji wa fulani, na mkuu wako wa kituo yumo, muulize. Nikachoka kuwafungia bahasha. Nikasema hawa wataambiwa hazijafika, na zitakwenda kwa dada yangu, angalau mtu wa mtaani azipate hata kama hajui."

"Na wewe ukapata chako."

"Nikapata. Sikatai. Mimi si malaika wa dirishani."

"Na hukumwambia dada yako kipimo."

"Ningemwambia ningekuwa nimekiri kwamba ni dawa," alisema. "Tulikuwa tunaziita mbegu."

*

Saa tatu kasoro dakika kumi Inspekta aliweka mbele ya mkuu wa kituo maelezo ya wote wawili, kurasa tisa kila mmoja. Mkuu alizisoma, alifika mahali penye simu na bahasha, akasoma tena pale pale. Kisha akasaini hati ya kumwachia mjane, na akauliza kama ukurasa wa sita ni lazima uwemo. Inspekta alisema ni lazima. Wiki moja baadaye faili lilipofika kwa mwendesha mashtaka lilikuwa na kurasa nane kwa upande wa mtu wa dirishani na tisa kwa upande wa Mama Miche, na hakuna aliyejua ya sita ilidondokea wapi. Lakini hilo ni la baadaye.

Mjane alitolewa. Inspekta alimketisha, akamweleza yote kwa utaratibu: vidonge vya kwenye kisanduku, makopo, ndoo, uzito. Alikuwa na haki ya kujua, na pia alitakiwa awe shahidi.

"Kwa hiyo vile vidonge vyake peke yake visingemuua," alisema mjane.

"Hapana, mama."

"Na unga peke yake?"

"Wa juu, hapana."

"Nilimwomba wa chini." Aliyasema kama anataja tarehe. "Itabidi niseme hivyo mbele ya wifi yangu?"

"Itabidi."

"Andika basi. Nilimwomba."

Nje, ndugu wa marehemu walikuwa wameondoka. Waliokuja badala yao walikuwa wengine: wazee kwa wingi, wenye fimbo, wenye mkono mmoja uliolegea, wanawake waliobeba makopo matupu ya Mama Miche. Walikuta duka limetiwa lakiri ya polisi, wakafuata lakiri. Mbele yao alikuwa mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi, karatasi ya maabara mkononi.

"Mwanangu, tumesikia. Unga ulikuwa na dawa ya kweli."

"Ndiyo, mwalimu. Msiunywe tena. Mtu amekufa."

"Hatuunywi. Tunaulizia dawa. Mmekamata makopo mangapi ambayo hayajafunguliwa?"

"Thelathini na moja."

"Yako wapi?"

"Ghala la vielelezo. Ni ushahidi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

"Na dawa inaharibika lini?"

Inspekta alikuwa ameyaorodhesha kwa mkono wake. "Miezi kumi na moja."

"Hapa kesi ya kuku huchukua miaka miwili," alisema mwalimu, bila kupandisha sauti. "Dirishani umepita?"

"Nimepita asubuhi hii. Wameweka mtu mpya."

"Anasemaje?"

"Hakuna."

Mwalimu alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni.

"Basi toa daftari lako. Niandike jina, umri na namba yangu ya lehemu. Usije ukasema siku moja kwamba hukuniona."

Inspekta alitoa daftari. Alimwandika mwalimu. Nyuma ya mwalimu akasogea mwanamke mwenye mkono uliolegea, akamwandika. Foleni ikajipanga yenyewe, kimya, kwa mazoea ya watu waliopanga foleni maisha yao yote. Ilipofika saa sita alikuwa ameandika watu mia na kumi na wanne, na wino ulikuwa unafifia.

Wa mia na kumi na tano alikuwa mjane wa fundi saa.

"Mama, wewe tumeshakumaliza. Nenda nyumbani, uko huru."

"Najua, baba. Na mimi nilikuwa nakunywa."

Akamwandika. Kisha akaingia ndani na daftari, akalitoa kopi, akasimama mbele ya kabati la mafaili. Lilikuwapo faili la mauaji ya bila kukusudia, la wizi wa mali ya umma, la kuuza dawa bila kibali. Alivuta droo moja baada ya nyingine mpaka ya chini kabisa. Orodha ile haikuwa na faili la kuingia.